Tunapokutanika Kula: Somo Juu ya Matabaka Katika Kanisa

Masomo ya kusoma kwanza: 1 Wakorintho 11:17–34 na Yakobo 2:1–9



Sikukuu ya Mavuno ya mwaka huu ilikwenda vizuri, na waliofanya kazi wamekwisha kushukuriwa. Hatutaki kurudia hayo. Lakini katika vikundi viwili vya majumbani tuliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu palepale, nalo ndilo lililozaa somo la mwezi huu.

Baada ya Misa kulikuwa na chakula. Chini ya turubai vilipangwa viti, na meza zilizotandikwa vitambaa, kwa ajili ya wageni rasmi na wale ambao bahasha zao za mchango zilikuwa nene. Watu wengine walikaa kwenye mikeka chini ya mwembe. Turubai lililetewa pilau ya nyama, kachumbari na soda. Mwembe nao uliletewa pilau, hatusemi uongo. Ila sufuria ilipofika safu ya mwisho ilikuwa imebaki ukoko. Katika safu hiyo walikuwapo akina mama waliochelewa kwa kuwa asubuhi walipitia sokoni kuuza samaki, vijana wawili waliotoka lindo la usiku, na bibi mmoja aliyekuwa amemleta kuku wake madhabahuni asubuhi ile ile. Kuku yule alinadiwa baada ya Misa akapata bei ya kuchekesha, maana walioshindana walikuwa na fedha. Bibi alirudi kwake na njaa.

Aliyeuliza swali hakuwa na hasira. Alisema tu, "Je, chakula kile kilikuwa sehemu ya Misa, au Misa ilikuwa imekwisha?"

Sisi tunaoandaa kurasa hizi tulikula chini ya turubai. Yafaa tuliseme hilo mapema, msomaji asije akadhani tunaandika tukiwa mwembeni.

TABAKA NI NINI?

Tabaka ni kitu kilicholala juu ya kingine. Mtu akichimba kisima huona udongo mweusi juu, chini yake mwekundu, chini zaidi mawe. Wataalamu wa elimu ya jamii walipotaka kueleza jinsi watu wanavyopangwa katika nchi, walichukua mfano huo huo. Lakini si kila tofauti kati ya watu ni tabaka. Seremala si mshonaji, mrefu si mfupi, na hakuna ubaya. Tofauti hugeuka kuwa tabaka inapokuwa na juu na chini, inapodumu mwaka hata mwaka, na hasa watoto wanapoirithi bila kufanya jema wala baya.

Karl Marx, Mjerumani aliyeishi London tangu 1849 hata kufa kwake 1883, alifundisha kwamba mzizi wa jambo lote ni mali ya kuzalishia mali: nani ana shamba, kiwanda na mashine, na nani hana ila mikono yake ya kuuza. Wazee wetu waliosoma somo la siasa baada ya Azimio la Arusha la 1967 wanayakumbuka maneno hayo, mabepari na makabwela, na wengine wanaweza kuyakariri mpaka leo. Azimio lile liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, na kupangisha nyumba. Mwaka 1991, kwa maamuzi yaliyofanywa Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Hatuandiki hapa kulilaumu Azimio wala kulifufua. Tunalitaja kwa sababu lilitufundisha kuuliza swali ambalo siku hizi tunaona haya kuliuliza, hata kanisani: huyu amepataje, na yule amekosaje?

Mjerumani mwingine, Max Weber, aliyekufa 1920, alikubali kwamba mali ni jambo kubwa, lakini akasema ngazi ziko tatu, si moja. Iko ngazi ya mali. Iko ngazi ya heshima, yaani watu wanakuonaje, wanakusalimuje, wanakuketisha wapi. Na iko ngazi ya nguvu, yaani neno lako linasikilizwa au halisikilizwi. Mtu aweza kuwa juu katika moja na chini katika nyingine. Mwalimu mstaafu wa kijijini ana heshima ya kutosha na mfuko mtupu. Mchuuzi aliyetajirika upesi ana fedha, lakini kwenye harusi anakaa nyuma ya watu wa ukoo. Msomaji ashike jambo hili la ngazi tatu, kwa maana bila hilo hatutaelewa yaliyotokea Korintho.

Wako pia waliosema kwamba matabaka yana faida. Mwaka 1945 Wamarekani wawili, Kingsley Davis na Wilbert Moore, waliandika kwamba kila jamii ina kazi zilizo muhimu na ngumu kuliko nyingine, nayo haina budi kuzipa malipo makubwa ili wenye uwezo wavumilie kuzisomea. Tumeyasikia maneno hayo hata katika vikundi vyetu, kwa watu wasiowahi kusikia majina hayo. Mwaka 1953 mwenzao Melvin Tumin aliwajibu kwamba ukiwa umekwisha kuwa na matabaka, huwezi tena kujua nani ana uwezo, maana mtoto wa chini hapati nafasi ya kuuonyesha. Sisi twaona Tumin alisema kweli. Katika parokia yetu wako vijana wenye akili kali wanaosukuma mikokoteni, na hakuna mtu aliyewapima akawaona hawafai. Hawakupimwa kabisa.

MJI WA KORINTHO

Tumzoee Paulo kama mtu aliyeandikia watu halisi wenye nyumba, madeni na majirani. Mji wa kale wa Korintho uliharibiwa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristo. Ukakaa magofu kiasi cha miaka 100, hata Julius Caesar alipoamuru mwaka 44 ujengwe upya uwe koloni la Kirumi. Waliopelekwa kuujenga walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa walioachwa huru. Mji ulikaa kwenye shingo ya nchi kati ya bahari mbili, ukiwa na bandari kila upande. Moja ni Kenkrea, alikotoka dada yetu Fibi aliyetajwa katika Warumi 16. Ukatajirika upesi. Basi fikirini mji ambao wakubwa wake wengi, babu yao alikuwa mtumwa. Mali walikuwa nayo. Heshima ya kuzaliwa hawakuwa nayo, kwa hiyo walikuwa na hamu ya kuipata kwa njia nyingine yoyote.

Paulo aliwaambia Wakorintho (1:26) kwamba si wengi kati yao walioitwa wakiwa wenye hekima ya dunia, wenye nguvu au wa ukoo bora. Kwa muda mrefu wahubiri walisoma aya hiyo kana kwamba kanisa lile lilikuwa la maskini watupu. Gerd Theissen, mtaalamu wa Kijerumani, katika maandishi yake ya miaka ya 1970 aliwaomba watu waisome tena: kama si wengi, basi wachache walikuwapo. Na majina tunayo. Krispo alikuwa mkuu wa sinagogi. Gayo alikuwa na nyumba ya kukaribisha kanisa zima. Erasto alikuwa na kazi ya fedha katika mji. Wako pia watu wa nyumbani mwa Kloe, ambao huenda walikuwa watumwa au watumishi wake, nao ndio waliompelekea Paulo habari za magomvi. Tunapenda kulikumbuka hilo: habari ya mgawanyiko haikuletwa na Gayo.

Sasa tuingie nyumbani. Wakristo wa wakati ule hawakuwa na jengo la kanisa. Walikutana katika nyumba ya mwenzao aliye na nafasi, na Meza ya Bwana ilikuwa mlo kamili wa jioni. Chumba cha kulia cha tajiri wa Kirumi kilikuwa na vitanda pande tatu, na watu walikula wakiwa wamejinyosha. Kwa kawaida waliingia watu tisa. Padre Jerome Murphy-O'Connor, Mdominikani aliyeandika juu ya Korintho, alitumia nyumba kubwa iliyochimbuliwa mahali paitwapo Anaploga, yenye chumba cha kulia cha mita 5 na nusu kwa 7 na nusu. Alikadiria kwamba wengine, 30 au 40, wangelazimika kukaa uani, karibu na birika la maji ya mvua. Wako wasiokubaliana naye juu ya umri wa nyumba ile, lakini umbo la nyumba za wakubwa linajulikana: ndani wachache, nje wengi. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Katika nyumba zetu za mawe za zamani, hadhi ya mgeni ilijulikana kwa mahali alipoishia. Wengi waliishia barazani.

Na chakula je? Hapa tuna shahidi asiye Mkristo. Plinio Mdogo, mkuu wa Kirumi, aliandika barua karibu na mwaka 100 juu ya karamu aliyoalikwa. Mwenyeji alijiwekea yeye na wachache vyakula vizuri, na wengine akawawekea makombo ya bei rahisi. Divai aliitia katika vichupa vya namna tatu, si ili wageni wachague, bali wasiweze kuchagua: namna moja ya wakubwa, ya pili ya marafiki wa daraja la chini, ya tatu ya watumwa walioachwa huru. Plinio alichukizwa. Alisema yeye kwake huwapa wote sawa, na ili gharama isimshinde, hunywa yeye mwenyewe ile divai wanayokunywa wale walioachwa huru. Twaona basi kwamba mtindo wa madaraja mezani ulikuwa wa kawaida, na pia kwamba hata mpagani aliweza kuona ubaya wake. Wakristo wa Korintho walikuwa wameingiza desturi ya mjini katika Meza ya Bwana bila hata kutambua. Huenda Gayo alidhani anakaribisha vizuri tu.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni saa. Jumapili haikuwa siku ya kupumzika. Sheria ya mfalme Konstantino iliyoifanya hivyo ilitoka mwaka 321. Mtumwa alikuja alipoachiliwa. Kibarua wa bandarini alikuja meli ilipokwisha kupakuliwa. Mwenye nyumba na wenzake walikuwa na wakati wao wenyewe, wakaanza mapema. Hivyo Paulo akasikia kwamba mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Si kwamba mmoja alikuwa mlafi na mwingine mvivu wa kuwahi. Mmoja alimiliki wakati wake na mwingine hakuumiliki.

Paulo aliposikia hayo hakusema wamekosa adabu. Alisema kile wanachokula si chakula cha Bwana hata kidogo. Hapo swali la ndugu yetu linaanza kupata jibu. Katika Korintho hapakuwa na kengele ya kutenga Misa na mlo.

JINA JUU YA JIWE

Mwaka 1929 wachimbaji wa mambo ya kale walipata huko Korintho, karibu na ukumbi wa michezo, jiwe la sakafu lenye maandishi ya Kilatini. Linasema kwamba Erasto aliitandika sakafu ile kwa fedha yake mwenyewe, kwa ajili ya kupewa cheo katika mji. Wataalamu hawakubaliani kama ni Erasto yule wa Paulo. Kwa somo letu si lazima awe yeye. Jiwe lenyewe latosha kutufundisha namna mji ule ulivyopandisha watu: unatoa, jina lako linachongwa, unapewa kiti cha mbele. Mali inabadilishwa kuwa heshima mbele ya macho ya watu wote, na heshima inabadilishwa kuwa nguvu. Ni zile ngazi tatu za Weber, na mtu anaruka kutoka moja hadi nyingine.

Tukilitazama jiwe hilo tutaona linafanana na kitu tunachokijua. Tunaposoma kwa sauti, bahasha baada ya bahasha, jina na kiasi, kisha makofi, tunafanya nini? Tumesikia sababu, na si za uongo: watu hutoa zaidi wakitajwa, hesabu inakuwa wazi na mhazini hawezi kushukiwa, na mtu akitoa kwa moyo, kuna kosa gani kumshukuru? Mhazini wetu ametueleza kwamba paa la kanisa lilipatikana kwa njia hiyo, nasi tunakaa chini yake. Lakini wako ambao Jumapili ya bahasha hawaji. Hawakosi imani. Wanakosa cha kutia ndani ya bahasha ambacho hakitawaaibisha kikisomwa. Mama mmoja alituambia kwamba alikaa nyumbani Jumapili tatu, akamwambia katekista kwamba alikuwa na homa.

Paulo naye alichangisha. Tena alichangisha sana, kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Angalieni agizo lake katika 1 Wakorintho 16:2: kila mtu, siku ya kwanza ya juma, aweke kando kwake mwenyewe kadiri alivyofanikiwa. Kwake mwenyewe. Katika mji wa majina juu ya mawe, neno hilo lilikuwa na ukali ambao sisi hatuusikii. Na katika barua ya pili (8:13–15) alieleza kwamba shabaha si kuwasumbua watoaji bali kuwe na usawa. Neno hilo la usawa tulidhani ni la wanasiasa.

KWETU

Msomaji asifikiri kwamba mambo haya ni ya Wagiriki na Warumi. Katika Kanisa la Uingereza, karne ya 19, katika makanisa mengi familia zilikodi viti vyao kwa mwaka; vingine vilikuwa na milango midogo kama vibanda. Maskini walikaa kwenye mabenchi ya bure, mara nyingi nyuma au penye upepo. Sheria ya 1818 ya kujenga makanisa mapya ilibidi iagize kwamba viti vya bure viwepo. Ndugu Yakobo alikuwa ameandika juu ya mwenye pete ya dhahabu na mwenye nguo mbovu zaidi ya miaka 1700 kabla yake, na somo lake lilisomwa katika makanisa hayo hayo, mbele ya milango hiyo hiyo midogo.

Kanisa letu la pwani lilianza upande mwingine kabisa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini mahali pale pale. Wakristo wa kwanza wa misheni ile walikuwa wale ambao mji uliwaweka chini kabisa: watoto na watu wazima waliotolewa katika majahazi ya watumwa. John Swedi, mmoja wa vijana hao, alifanywa shemasi 1879. Cecil Majaliwa, naye aliyewahi kuwa mtumwa, akawa padre 1890. Mbele ya waungwana wa mji, kuachwa huru hakukumfanya mtu kuwa mwungwana. Heshima ya ukoo haikutolewa pamoja na cheti. Mkorintho yeyote angewaelewa. Lakini madhabahuni yule aliyeuzwa aliinua kikombe, na wengine wote wakapiga magoti.

Tukiishia hapo tutakuwa tumejisifu. Kule Mbweni, kijiji cha misheni cha watu walioachwa huru, madaraja yaliota upya ndani ya uzio wa Kanisa. Wasichana walioonekana wanafaa kwa masomo walisomeshwa, na wengi wao waliolewa na waalimu na makasisi. Waliohesabiwa hawafai waliwekwa upande wa kazi za mikono. Nani aliyepima, na kwa kipimo gani? Wajukuu wa waliosomeshwa wakawa makarani na waalimu, na ngazi ikapandwa. Wajukuu wa wale wengine hatuandiki habari zao, kwa sababu mara nyingi hazikuandikwa.

Askofu Frank Weston wa Zanzibar alilijua jambo hili. Mwaka 1923, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alisimama London mbele ya mkutano wa Waanglikana waliopenda sana Sakramenti, akawaambia kwamba hawana haki ya kumwabudu Yesu aliyemo tabenakulo ikiwa hawamhurumii Yesu aliyemo katika vitongoji vya maskini. Hakuwaambia waache uvumba na mishumaa. Aliwaambia watoke na Yesu yule yule waende kumtafuta kwa walio uchi na waliodhulumiwa.

Na leo? Wachumi wana kipimo kilichobuniwa na Mwitalia Corrado Gini mwaka 1912. Sifuri maana yake watu wote wana sawa. Moja maana yake mtu mmoja ana vyote. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, Tanzania mwaka 2018 ilikuwa karibu na 0.40, na Afrika Kusini mwaka 2014 ilifika 0.63. Namba hizi hutokana na kuwauliza watu wametumia nini, na tajiri haelekei kutaja vyote. Lakini hatuhitaji Benki ya Dunia kutuhesabia shule ya Jumapili. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne tangu 2016, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Pamoja na hayo, mwalimu wa shule yetu ya Jumapili anatuambia kwamba watoto wanaochukuliwa na basi la shule za Kiingereza hukaa benchi lao, na wale wa shule za serikali lao. Hakuna aliyewapanga. Akiuliza swali, benchi moja linanyosha mikono na jingine linatazama sakafu. Wote wana miaka tisa.

PAULO ALIAGIZA NINI?

Aliwaambia wangojane. Basi. Na mwenye njaa ale kwanza nyumbani kwake.

Tukiri kwamba katika vikundi wengi waliona jibu hilo ni dogo. Kijana mmoja alisema Paulo aliwaogopa matajiri: hakumwambia Gayo auze nyumba, wala hakumwambia bwana amwachie mtumwa. Theissen mwenyewe aliona kwamba kanisa la Paulo liliacha daraja za watu zilivyo, likazilainisha kwa upendo wa kibaba, mkubwa amtunze mdogo na mdogo amheshimu mkubwa. Hatuwezi kuupuuza ukweli huo. Watu waliotetea utumwa baadaye waliutumia vizuri.

Lakini sisi tulipoendelea kulitafakari neno la kungojana, tuliona si dogo kama lilivyoonekana. Nani anayengoja katika dunia hii? Mgonjwa asiye na fedha hungoja benchini. Mwenye kesi asiye na wakili hungoja. Kibarua hungoja mshahara. Kumngoja mtu ni alama ya kuwa chini yake. Paulo akamwambia Gayo, ndani ya nyumba ya Gayo, chakula cha Gayo kikiwa mezani kinapoa, amngoje mpakuzi wa mizigo. Hakumnyang'anya mali yake. Alimnyang'anya kitu ambacho mkubwa hukipenda kuliko mali. Nadhari pia kwamba hakumwambia mpakuzi ajitahidi kuwahi.

Na anaposema juu ya kuupambanua mwili (11:29), tumezoea kufikiri ni mkate tu. Katika sura ya 12, ukurasa ule ule, anaeleza mwili ni nani: ni hao waliokaa uani. Mtu aweza kupiga magoti kwa unyenyekevu wote mbele ya altare, akapokea kwa mikono iliyopangwa vizuri, na asiwe ameupambanua mwili, kwa sababu umekaa mkekani nyuma yake.

KWA VIKUNDI

Sikukuu ya mtakatifu wa kanisa letu inakaribia, na kamati ya chakula imeomba ushauri. Halmashauri ya Parokia itakutana kabla yake. Tunaomba vikundi vijadili mambo haya na kuleta majibu kwa maandishi. Chakula kianze saa ngapi, ikiwa tunajua wauza samaki hufika saa saba? Wageni rasmi waketi wapi, na tunawaogopa kwa sababu gani? Je, mhazini aweza kubandika hesabu yote ubaoni, jumla tu, bila majina? Paa la nyumba ya padre linavuja. Tukiacha kusoma bahasha na mchango ukipungua, tuko tayari kungoja mwaka mmoja zaidi? Padre ametuambia kwamba yeye yuko tayari, lakini mkewe hakuulizwa, kwa hiyo akina mama wa Umoja wamwulize.

Tulimwendea pia bibi mwenye kuku kumwomba radhi. Alicheka, akatukaribisha uji. Amesema atamleta kuku kama kawaida, na safari hii atakuja na sahani yake.